Kusifu Uga Usiopewa Thamani

Desturi ya watunzi wa sifa, tangu zama za kale, ni kuviinua vilivyokwisha kuinuka: sultani, mwezi mpevu, jahazi lenye tanga jipya, na kwa kuwa vitu hivyo havikosi wa kuvitukuza, nimeona ni insafu wino wangu wa leo umwagikie kitu dhalili cha lugha ya C, kinacholaaniwa na kila mkaguzi wa programu na kisichopata wakili popote, nacho ni uga wa strakti ulioachwa bila kupewa thamani ya mwanzo.

Strakti, kwa msomaji asiyeishi na mambo haya, ni fungu la nyuga zilizokaa pamoja chini ya jina moja: huu una nambari, ule una anwani, na wa kando yao una alama za kuwasha na kuzima. Dennis Ritchie aliziingiza katika C huko Bell Labs, na mwaka 1973 keneli ya mfumo wa Unix, yaani kiini chake, ikaandikwa upya kwa lugha hiyo, lugha iliyolelewa katika hulka ya kutofanya kazi isiyoamrishwa. Sheria yake ingali ile ile: strakti inayodumu muda wote wa programu huanza na sifuri, ilhali ile inayozaliwa juu ya staki, kumbukumbu ya muda ya programu, ndani ya funksheni, na kufa pamoja na funksheni hiyo, haikuahidiwa kitu chochote.

Katika kutoahidiwa huko ndimo zilimo fadhila za uga wetu, na ya kwanza ni uhifadhi. Wanaodhani kwamba hauna kitu wanaudhulumu, kwani ni kama ubao wa chuoni usiooshwa, ambao mwanafunzi wa leo huupokea ukiwa na herufi za mwenziwe wa jana; funksheni iliyotangulia imekwisha kwenda zake, wala hapana anayeikumbuka, lakini hesabu iliyokuwa ikihesabu, anwani iliyotakiwa kurejea, na pengine neno la siri la mtu aliyekwisha kuondoka, yote yamehifadhiwa mle kwa amana, bila ya ujira.

Fadhila ya pili ni adabu yake mbele ya bwana wake. Keneli, kwa kuchelea kuvujisha siri za programu moja kwa nyingine, huzifuta kurasa za kumbukumbu kabla ya kuzitoa, na kwa hiyo programu changa, inapojaribiwa na mwandishi wake, aghalabu huukuta uga huo una sifuri, ambayo ndiyo thamani aliyoidhania moyoni asiiandike. Majaribio hufaulu yote. Ni mpaka programu ihamie kwenye seva, ifanye kazi mchana na usiku, na staki ikanyagwe na funksheni nyingi zenye haraka, ndipo uga unapoidhihirisha elimu yake. Na mwandishi akiongeza mstari mmoja wa kuuchapisha ili autazame, mpangilio wa staki hubadilika kidogo, na uga, kwa haya, huweza kurejea kwenye sifuri yake.

Subira yake nayo si haba. Programu ya Unix itakayo kupokea ishara hujaza strakti iitwayo sigaction: mwandishi hutaja funksheni ya kupokea, hufurahi, na kuusahau uga wa sa_flags. Takataka iliyomo ikijaliwa kuwa na biti ya SA_RESETHAND, ishara ya kwanza itapokewa kwa heshima zote, mpokezi ataondolewa kazini papo hapo, na ishara ya pili, ikiwa ni ile ya kukatiza, itaiua programu. Mwenye kujaribu mara moja tu ataapa kwamba kazi yake ni timamu, na kwa kadiri ya jaribio lake hasemi uongo.

Lakini hoja yangu kubwa ya utetezi ni kisa cha OpenSSL. Maktaba hiyo, inayofua funguo za siri, ilikuwa na mahali ilipokusanya bahati nasibu kutoka kila upande, na mahali pamoja ilithubutu kuchanganya humo hata kumbukumbu isiyopewa thamani, ndugu wa uga wetu, kwa fikira kwamba takataka haidhuru na huenda ikafaa. Chombo cha Valgrind, ambacho kazi yake ni kufichua matumizi ya kumbukumbu za namna hiyo, kikalalamika. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mtu mpenda usafi akaiondoa mistari miwili iliyofanana; na katika miwili hiyo, mmoja ulikuwa ule wa takataka, ambao kuondoka kwake hakukudhuru, na wa pili ulikuwa mlango ambao bahati nasibu ya kweli yote iliingilia. Kilichosalia ni nambari ya mchakato, isiyozidi 32,768, na mpaka Mei 2008 ilipotangazwa habari hiyo, Debian na Ubuntu zilikuwa zikifua funguo ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuziorodhesha zote. Sasa mahakama na ijibu ni nani aliyeharibu, takataka au fagio.

Tusisahau pia riziki ya wakaguzi. Uga huu ndio uliowafundisha amri yao ya daima, kwamba kwanza safisha, kisha jaza, kisha kabidhi. Na kijana mtiifu, aliyeisikia amri lakini asishike utaratibu wake, hujaza nyuga zote kwa uangalifu, kisha akakumbuka usafi na kuita memset, funksheni ya kufutia, mwishoni, akakabidhi sifuri tupu. Mwenziwe, katika kompyuta ndogo za STM32, huandika usanidi kamili katika rejista za kifaa ambacho saa yake bado haijawashwa, na maandishi hayo hupotea bila ya lawama yoyote. Ama kuhusu ujazaji wenyewe, mwaka 1999 lugha iliruhusu nyuga zitajwe kwa majina katika orodha ya thamani za mwanzo, mbele nyuma apendavyo mwandishi. Kabla ya hapo zilijazwa kwa nafasi tu, na aliyepenyeza uga mmoja katikati alizisogeza zote zilizofuata, na aina zake zikipatana, kompaila haikusema neno. C++ ilikubali majina hayo mwaka 2020, lakini kwa mpangilio wa tangazo pekee, jambo ambalo mimi naliona la kiungwana. C haina masharti hayo: nyuga mbili zikichota kutoka kaunta moja hapana ajuaye ipi itatangulia, na uga ukipewa thamani mara mbili, ya mwisho hushinda na ya kwanza huenda isikokotolewe kabisa.

Maadui zake wamezidi. Toleo la C la mwaka 2023 limehalalisha mabano matupu yanayosafisha strakti nzima. Kompaila za Clang na GCC zina chaguo la kujaza sifuri kila kilichosahauliwa kwenye staki, na Linux imefungua mlango wa kulitumia. Usahaulifu wenyewe haukuondolewa, umevishwa nguo nyeupe tu. Maana sifuri, ambayo wakaguzi huiona safi na twahara, katika Unix ni nambari ya mlango wa kuingizia maandishi, na aliyesahau kuujaza uga wa faili, kisha akalifunga faili hilo, ameufunga mlango huo. Tena sifuri hiyo hiyo ndiyo nambari ya mtumiaji mkuu, mwenye amri juu ya mashine yote. Zamani, uga wa mwenye mali uliposahauliwa, aghalabu ulitoa nambari ya mtu asiyekuwako, na mlinzi akamkatalia. Leo uga huo huo, ukiisha kusafishwa kwa sheria, hupita mlangoni kwa jina la mfalme.