Kapsuli, Kinu au Birika: Mwongozo wa Kunywa Espreso Mwamapalala

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote wa Mwamapalala, Lagangabilili au Bariadi mjini ambaye ameona kwenye simu kikombe kidogo cha kahawa nzito, kina povu la rangi ya asali juu yake, akaapa kwamba na yeye atakinywa nyumbani kwake kabla pamba ya msimu ujao haijapimwa. Kiapo ni kizuri. Kilichobaki ni kuchagua njia: mashine ya kapsuli ya kubonyeza kitufe, mashine ya espreso ya kusaga na kushindilia mwenyewe, au birika la mkaa tulilolizoea.

Nimezipanga zote tatu kwenye meza moja, jioni moja, uani kwa mama yangu mdogo hapa Mwamapalala. Ya kapsuli aliileta binamu aliyekuja likizo kutoka ng'ambo. Ya espreso ni yangu, ya mkono, haina waya. Birika ni la nyumba. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Jua unachokinunua

Espreso ni namna ya kukamua kahawa. Maji ya moto, nyuzi 90 hadi 96, yanasukumwa kwa nguvu ya takriban baa 9 yapite katika unga laini ulioshindiliwa, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Luigi Bezzera wa Milano aliomba hataza ya mashine yake mwaka 1901, ikitumia mvuke. Achille Gaggia, naye wa Milano, aliomba ya kwake mwaka 1938, na baada ya vita mashine zake za mpini ndizo zilizoleta lile povu tunaloliita krema.

Kapsuli ilikuja baadaye. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé huko Uswisi, aliwaza hivi: kama kazi ngumu ni kupima, kusaga na kushindilia, basi ifanyike yote kiwandani, kahawa ifungwe kwenye kikopo kidogo cha alumini, na mnywaji abaki na kitufe. Hataza ilikuwa ya mwaka 1976, na kampuni ya Nespresso ikaanza mwaka 1986. Ndani ya kila kapsuli kuna gramu 5 hivi za kahawa iliyofungwa isiguswe na hewa. Hapo ndipo penye nguvu yake ya kweli, na tuikubali bila kinyongo: kahawa iliyosagwa ikiachwa wazi hupoteza harufu kwa muda mfupi mno, ila ya kwenye kapsuli hukaa miezi mingi ikiwa vilevile.

Kwa hiyo ukinunua kapsuli umenunua mikono ya mtu mwingine. Ukinunua mashine ya espreso, mikono itakayofanya kazi ni yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu kama mkulima wa pamba

Hakuna wa kumfundisha mtu wa Itilima, wilaya yetu hapa Simiyu, hesabu hii. Pamba yetu hupimwa kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huondoka kwa lori, na siku moja hurudi dukani ikiwa shati. Kati ya mzani na shati kuna watu wengi, na kila mmoja amechukua chake.

Kapsuli ni shati la kahawa. Mwaka 2021 Nespresso ilitoa kapsuli yenye jina la Kiswahili, KAHAWA ya CONGO, ya arabika kutoka Kivu Kusini. Kabla yake ilitoka nyingine ya buni za milima ya Rwenzori, Uganda. Buni hizo zilichumwa na wakulima wa maziwa makuu, majirani zetu kabisa, zikasafirishwa hadi Uswisi, zikakaangwa, zikasagwa na kufungwa humo. Ukiiagiza kapsuli kama hiyo uinywee Mwamapalala, kahawa imekwenda Ulaya na kurudi ili ifike kwa jirani tu.

Sasa bei. Gramu 5 kwa kapsuli maana yake kilo moja ya kahawa hutoa kapsuli 200. Ulaya kapsuli moja huuzwa karibu nusu yuro, basi ile kilo moja mnywaji huinunua kwa takriban yuro 100. Tutende haki pia: espreso ya nyumbani hula kahawa nyingi zaidi kwa kikombe. Kikombe maradufu huchukua gramu 18, kwa hiyo kilo moja hutoa vikombe 55 tu. Hata hivyo, kilo hiyo unainunua ikiwa buni, kutoka kwa mtu unayeweza kumpigia simu.

Hatua ya 3: Uliza umeme, kisha uliza maji

Mashine ya kapsuli huvuta wati 1,200 hadi 1,500 inapochemsha. Sola ya taa tatu na kuchaji simu haiwezi kabisa, wala usiijaribu. Inahitaji umeme wa TANESCO, tena uwepo saa ile ile unayotaka kahawa. Jioni ya meza yetu umeme ulikatika baada ya kikombe cha pili. Kapsuli ya tatu ilikuwa imeshatobolewa ndani ya mashine. Ilibaki humo hadi asubuhi, na asubuhi haikufaa kunywewa.

Mashine ya mkono huhitaji jiko la mkaa na birika la maji yanayochemka, basi. Na hapa ardhi yetu imetupa zawadi ambayo wengi hawaijui. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu ya ziwa. Katika mwinuko huu maji huchemka karibu nyuzi 96 au chini kidogo, hayafiki 100 kama Tanga au Mombasa. Yale maji ya Simiyu yanayotokota ndiyo joto ambalo barista wa Milano hulitafuta kwa kipimajoto. Yamimine moja kwa moja.

Kuhusu maji yenyewe, chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukiona utando mweupe mgumu, huo ndio utakaoziba mirija myembamba ya mashine yoyote ya umeme, iwe ya kapsuli au ya espreso. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, yachuje, yachemshe, ndipo uyatumie. Mashine ya mkono haina mirija ya kuziba, unaisuuza, unaianika.

Hatua ya 4: Tafuta buni za jirani

Simiyu hatulimi kahawa, lakini tumezungukwa nayo. Kaskazini yetu ni Mara, na Tarime wanalima arabika. Ng'ambo ya ziwa ni Kagera, nyumbani kwa robusta, ambako Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna tangu zamani, na ambako kiwanda cha TANICA pale Bukoba hutengeneza ile Africafé iliyojaa kwenye maduka yetu. Arabika ina uchachu mzuri na harufu ya matunda. Robusta ina uchungu, ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, na huleta krema nene. Waitaliano wengi huichanganya kwenye espreso yao kwa sababu hiyo hiyo. Changanya sehemu tatu za Tarime na moja ya Bukoba, utakuwa na espreso ya kanda ya ziwa ambayo kapsuli yoyote itaionea wivu.

Mtu wako akisafiri kwenda Tarime au akivuka ziwa, mwagize kilo mbili za buni zilizokobolewa, zisizokaangwa. Buni mbichi zikitunzwa mahali pakavu hukaa miezi kadhaa bila shida.

Hatua ya 5: Kaanga, saga, shindilia

Weka kikaango kizito kwenye moto wa wastani, mimina buni zisizidi kufunika kitako chake, koroga bila kupumzika. Zitatoka kijani, zitakuwa za njano, zitanukia kama mkate, halafu zitaanza kupasuka, tak, tak, kama bisi. Baada ya mlio huo kwisha, acha dakika moja au mbili, epua, pepeta kwenye ungo hadi maganda yapeperuke na buni zipoe. Zitunze siku tano hadi saba kwenye chombo chenye mfuniko kabla ya kuzitumia kwa espreso, maana zikiwa zimekaangwa karibuni mno gesi iliyomo husukuma maji vibaya.

Kusaga ndiko kunakotenganisha watu. Kinu na mchi hutosha kabisa kwa kahawa ya birika, lakini kwa espreso havitoshi: unga wa kinu una chembe kubwa na vumbi pamoja, maji hupita upande mmoja na kuuacha mwingine. Unahitaji kinu cha kahawa cha kuzungusha kwa mkono, chenye meno ya chuma yanayorekebishika. Mashine ya bei mbaya ikiwekewa unga wa hovyo itakupa espreso mbovu. Mashine ya kawaida ikipewa unga mzuri itakuheshimisha.

Pima gramu 18. Sawazisha kwa kidole, shindilia kwa uzito wa mkono wako, mimina maji, kandamiza mpini. Unataka gramu 36 kikombeni ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio kama maji ya bomba, ikawa chachu, saga laini zaidi. Ikidondoka tone kwa tone, ikawa chungu ya kuungua, saga kwa chembe kubwa kidogo tu. Kikombe cha kwanza kitakushinda. Cha tano hakitakushinda.

Hatua ya 6: Vipeleke vikombe mbele ya watu

Uani tulikuwa watu saba. Mama mdogo alileta matobolwa na karanga, na nakuomba ulijaribu hilo kabla hujafa: utamu wa kiazi kilichochemshwa na kukaushwa juani, kisha funda la espreso juu yake. Kashata ina mshindani.

Kapsuli ilitoka safi. Krema ilikuwa nzuri, ladha ilikuwa sawasawa, kikombe cha kwanza na cha pili havikutofautiana hata kidogo. Mtu aliyewahi kunywa espreso ya mashine mbovu yenye kahawa ya zamani angeichagua kapsuli bila kufikiri, na angekuwa sahihi.

Halafu ikaja ya mkono, buni za Tarime zilizokaangwa wiki moja kabla, zimesagwa palepale. Harufu ilitangulia kufika kabla ya kikombe. Mama mdogo, ambaye kwa kawaida ni mtu wa chai ya maziwa, alishusha kikombe akauliza, "Hii imetiwa nini?" Haikutiwa kitu.

Mwisho jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuuza kahawa kwa birika siku za mnada, alipika ya kwake: maji, unga uliotwangwa, kipande cha tangawizi, mkaa chini. Alimimina vikombe saba kwa mkupuo mmoja, bila tone kumwagika.

Nikamwuliza, "Mzee, ipi?"

Akasema, "Ya mpini ndiyo tamu kuliko zote. Lakini mwanangu, hizi mbili zinahudumia mtu mmoja mmoja. Wa saba akipata, wa kwanza ameshakwenda kulala."

Iandike hiyo kwenye daftari lako la ununuzi. Espreso ni kinywaji cha mtu mmoja au wawili. Baraza lote likija, washa birika.

Hatua ya 7: Ona taka kabla hujanunua

Machicha ya kahawa ya mkono na ya birika hutupwa kwenye bustani ya mboga, yakawa mbolea. Kapsuli iliyotumika ni alumini yenye machicha mabichi ndani. Alumini yake ni kama gramu 1, kwa hiyo ukitaka kumpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu kilo moja, ufungue na kuosha kapsuli 1,000. Mji wa Hamburg, Ujerumani, wenye magari ya taka na viwanda vya kuchakata, ulikataza mwaka 2016 kununua kapsuli hizi kwa fedha za umma. Mwamapalala gari la namna hiyo hatuna, na ng'ombe wetu wanapita kila mahali.

Uamuzi

Kapsuli ina watu wake. Ofisi ya Bariadi yenye umeme wa uhakika na mnywaji mmoja mwenye haraka, iichukue. Mtu ambaye mikono yake haina nguvu tena ya kuzungusha kinu, aichukue. Inaishinda kahawa ya mtu asiyejali kusaga, na inampa kahawa ya heshima kila siku.

Lakini kwa ladha, kwa gharama ya miaka, kwa umeme wetu na kwa ardhi yetu, espreso ya mkono imeishinda kapsuli hapa Mwamapalala. Fedha yako ya kwanza nunua kinu kizuri. Ya pili nunua buni za mkulima wa Tarime au Bukoba, ili thamani ibaki kanda ya ziwa kabla haijavuka bahari. Ya tatu nunua mashine ya mpini. Na birika usiliuze, maana Jumamosi watakuja watu saba.