Namna ya Kumiliki Penalti ya Panenka Bila Kufilisika Sana

Kwanza kubali kwamba unachokitaka hakiuzwi. Unataka kipande kidogo cha usiku wa tarehe 20 Juni 1976 mjini Belgrade, pale Antonín Panenka wa Chekoslovakia alipoukimbilia mpira kama mtu aliyedhamiria kuchana nyavu. Kipa Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi akajirusha kushoto kwake, na Mcheki yule akaudokoa mpira polepole ukaelea hadi katikati ya goli, palepale Maier alipokuwa amesimama. Mechi ilikuwa imeisha 2-2, mikwaju ikaisha 5-3, na Ulaya ikapata bingwa. Ukisharidhika kwamba kitu chenyewe kiliyeyuka hewani, toa pochi tuendelee.

Kila mkusanyaji mchanga huanza na jezi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko yeye. Utaletewa jezi nyekundu namba 7, imefubaa kistadi, na mgongoni imeandikwa PANENKA kwa herufi zinazosomeka hadi ng'ambo ya barabara. Usigombane na muuzaji. Mshukuru kwa kukupunguzia kazi, kwa sababu majina ya wachezaji yalianza kuonekana migongoni kwenye fainali za Ulaya mwaka 1992, miaka 16 baada ya penalti yenyewe. Kama umeshaingizwa mjini, itundike chumbani badala ya sebuleni, na anayeuliza mwambie ulipewa zawadi.

Muuzaji wa daraja la juu ni hatari zaidi. Jezi yake haina jina, ila ina hati. Hati ina mhuri wa dhahabu, tarakimu nyingi na saini ya mtaalamu ambaye utaalamu wake umethibitishwa na yeye mwenyewe. Isome kama mkataba wa shamba. "Ilivaliwa katika mechi" ni kitu kimoja, "iliandaliwa kwa ajili ya mechi" ni kingine, na "mfano wa ile iliyovaliwa" ni kitambaa chekundu. Wanaoijua kazi hii hawaishii kwenye hati. Wanachukua picha za siku ya mechi, wanazikuza, kisha wanatafuta mshono uliopinda kwenye kola, uzi uliochomoza, au mguu wa namba ulioshonwa ukaenda upande kidogo, halafu wanatazama kama dosari hiyohiyo ipo kwenye jezi iliyo mezani. Ni kazi ya kuumiza macho. Wewe endelea kufurahia mhuri.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Akitokea mtu anakuuzia jezi nyeupe ya Ujerumani akidai ilivaliwa na bingwa wa Chekoslovakia, usimcheke haraka. Baada ya penalti ile wachezaji walibadilishana jezi, na zipo picha za mabingwa wakishangilia na kombe huku wamevaa jezi za watu waliotoka kuwafunga. Kwa maneno mengine, jezi za ushindi ziliondoka uwanjani mikononi mwa walioshindwa. Biashara hii ina tabia hiyo. Mwaka 1986 Mwingereza Steve Hodge alibadilishana jezi na Diego Maradona baada ya lile bao la mkono, na mwaka 2022 jezi hiyo ikapigwa mnada Sotheby's kwa pauni milioni 7.1. Refa Ali Bin Nasser wa Tunisia, ambaye hakuuona mkono, alikuwa ameuhifadhi mpira, nao ukauzwa pauni milioni 2 mwaka huohuo. Kwa hiyo uwekezaji salama kuliko wote katika soka ni kufungwa na mtu maarufu, kisha kumwomba nguo yake.

Kama hukubahatika kufungwa na mtu wa maana, rudi kwenye saini. Picha ya penalti ile yenye saini ya Panenka si adimu, na bei yake haimfukuzi mtu nyumbani. Chukua kioo cha kukuzia. Wino wa kalamu hulala juu ya picha na hung'aa tofauti ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Saini iliyochapishwa utaiona ni vidoti vidogo kama picha yenyewe. Ukiona vidoti, nunua fremu nzuri.

Wapo wanaotaka masalia ya asili kabisa. Hao nawahurumia. Penalti ile ilizaliwa Prague, baada ya mazoezi ya klabu ya Bohemians, Panenka alipokuwa akipigiana penalti na kipa Zdeněk Hruška kwa dau la bia na chokoleti. Alishindwa mara nyingi mno, akawa analala akiwaza namna ya kumpata kipa huyo, ndipo akagundua kwamba kipa akisharuka hawezi kurudi katikati. Baada ya hapo chokoleti zikaanza kuja upande wake. Vielelezo vyote vya ugunduzi huo, basi, vililiwa au vilinywewa. Kipa wa taifa, Ivo Viktor, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alitishia kumfungia nje akithubutu kuupiga hivyo kwenye fainali. Mtu akikuletea ufunguo wa chumba hicho, muulize na kitasa kiko wapi.

Wenye kipato cha kawaida wanaweza kutafuta kumbukumbu za penalti ya Uli Hoeness, iliyopaa juu ya mwamba muda mfupi kabla. Hazigombaniwi.

Lakini pa kununua kweli, kwa maoni yangu, ni pale ambapo soko halitazami. Panenka alikuwa fundi wa mipira ya adhabu ndogo, na mwenyewe amewahi kusikitika kwamba mkwaju mmoja umefunika kila kitu alichofanya. Mwaka 1980 Chekoslovakia ilichukua nafasi ya tatu Ulaya kwa kuitoa Italia nyumbani kwake kwa penalti 9-8, naye alifunga yake. Mwaka 1981 akahamia Rapid ya Vienna, akatwaa ubingwa wa Austria 1982 na 1983, na mwaka 1985 alikuwemo Rapid ilipofungwa 3-1 na Everton huko Rotterdam, kwenye fainali ya Kombe la Washindi. Vitabu vya ratiba vya mechi kama hizo hukaa chini kabisa ya rundo.

Na kama lazima ununue jezi, nunua ya kijani na nyeupe ya Bohemians. Nembo yake ni kangaruu, kwa kuwa klabu hiyo ilizuru Australia mwaka 1927 na wenyeji wakawapa kangaruu hai. Mgeni atakayeiona ukutani hatakuuliza habari za penalti. Atauliza kangaruu anatafuta nini Prague, nawe umwambie walikuwa wawili.