Chura wa Namek na Mabingwa Wake

Wasibezwe hata kidogo wale mabingwa wanaokesha wakibishana kama Kapteni Ginyu, yule mwizi wa miili, baada ya kunasa ndani ya chura kule sayari ya Namek, bado anaweza kupaa. Jambo lenyewe ni zito. Katika Dragon Ball ya Akira Toriyama, kupaa hakutaki mbawa, kunataka mafunzo: Videl alifundishwa na Gohan, akapaa. Sasa Ginyu elimu anayo yote, ila mwili ni wa chura. Je, ujuzi hukaa rohoni au kwenye misuli?

Kambi ya misuli inaleta ushahidi: alipouiba mwili wa shujaa Goku, kipimo cha nguvu kilisoma 23,000 tu, naye alitarajia zaidi ya 180,000. Kambi ya roho inajibu, kwa upole wa wakili wa serikali, kwamba hata kwa nguvu hizo alipaa hadi kwenye chombo cha bosi wake Frieza. Hapo kikao kinaahirishwa.

Bajeti ya taifa haijawahi kubahatika kusomwa hivi, kifungu kwa kifungu. Wala mkataba wa mkopo wa simu, ambao bingwa yuyo huyo huubonyeza “Nakubali” kabla haujamaliza kufunguka. Lakini kila mtu na vipaumbele vyake, na hadithi iliisha jaridani mwaka 1995, kwa hiyo hakuna haraka. Kesho kuna mjumbe atawasilisha mchoro wa mapafu ya chura. Ameomba apewe muda wa kutosha.