Nimekatwa Maini

Siku ya Idi ya Kuchinja, mtu wa Kiranjeranje akitoka kuswali huwa na haja moja tu: maini. Pilau litachelewa, ila maini yanakaangwa na kitunguu na ndimu wakati mbuzi bado ananing'inia mwembeni. Mwaka huu nilikuwa nimeshashika chapati mkononi pale mpwa wangu, anayesomea mambo ya maabara Dar es Salaam, alipochomoka na wembe.

"Mjomba, naomba unipishe. Dakika zinakwenda."

Zinakwenda wapi? Eti mnyama akikata roho, seli za ini huanza kujimaliza zenyewe, hivyo lazima zizamishwe kwenye dawa iitwayo glutaraldehaidi papo hapo. Nikamwambia chukua, ini lenyewe kubwa. Akachukua pande nene la katikati, akalimwagia dawa, akalikatakata hadi vikatoka vipande vya milimita 1. Huku kwetu tunalima ufuta, punje yake tunaijua. Chake kilikuwa kidogo kuliko hiyo, maana kikizidi hapo dawa haifiki ndani. Akatia vinane kwenye kichupa. Pande lililobaki, kwa kuwa limeshaguswa na sumu, akalifukia. Narudia: alilifukia. Watu hukatwa maini kwa maneno. Mimi nilikatwa kwa wembe, nikitazama.

Kunituliza, akanieleza kwamba Christian de Duve, Mbelgiji, alizigundua lisosomu, vile vifuko vya kumeng'enya vilivyomo ndani ya seli, akihangaika na ini la panya, na mwaka 1974 akapewa Nobeli pamoja na Albert Claude na George Palade. La panya! Ghalani kwangu panya wamenenepa kwa ufuta wangu, angechukua hata kumi na ningemshukuru.

Na mapishi yenyewe sasa. Baada ya dawa ya kwanza, ini linaingia kwenye osmiamu tetroksidi, ambayo mvuke wake unaweza kuharibu macho ya mpishi, na linatoka jeusi kama mkaa. Kisha linakaushwa maji kwa spiriti: asilimia 50, 70, 90, mpaka 100. Mbuzi aliyechinjwa kwa bismillahi, hajawahi kunusa hata tembo la mnazi, ini lake linapandishwa ngazi ya ulevi mpaka kileleni! Halafu linagandishwa ndani ya plastiki na kuokwa kwa nyuzi 60 siku mbili. Mke wangu angeniokea kitu siku mbili, ningeuliza kama kuna ugomvi.

Bado. Linakatwa kwa kisu cha almasi, unene wa nanomita 70 hivi, yaani unywele mmoja ungetoa vipande kama 1,000. Vinatandazwa kwenye kiwavu cha shaba na kupakwa urani na risasi. Urani, jamani, madini yaleyale wanayoyasaka Namtumbo, kwenye ini la mbuzi wangu! Ndipo hadubini ya elektroni inapokubali kulitazama. Juma zima limepita, na hakuna aliyeonja.

Hapa pana jambo dogo ambalo sikumwambia kijana. Aliacha kichupa kwenye deli la barafu, akasisitiza kikae kwenye nyuzi 4, akaenda kusalimia wakubwa. Alasiri nikachungulia, barafu yote maji. Nikaona aibu, mgeni wangu, elimu yake. Nikakipeleka kwenye friza ya dukani, katikati ya pakiti za barafu za ubuyu. Alfajiri kilikuwa jiwe. Nikakiyeyusha juani, nikakirudisha kwenye deli na barafu mpya. Nilijiona mjomba wa mfano.

Juzi ikaingia picha kwenye simu. Nilitarajia mitokondria, zile alizosema zinafanana na maharage. Nikaona matobo meupe kila mahali, kama wavu uliotafunwa na kaa. Chini yake ameandika: "Shikamoo Mjomba. Mwalimu anasema tishu iligandishwa, chembe za barafu zimezichana seli. Kuna mtu aliligusa deli?"

Nikamjibu marahaba, na kwamba mtandao wa huku Kiranjeranje unasumbua sana. Kisha nikazima simu.