Sifa za Filamu Mbovu ya Mamba wa Rusizi

Primeval, filamu ya kutisha iliyoongozwa na Mmarekani Michael Katleman na kutolewa Januari 2007, ndiyo iliyompeleka Hollywood mkazi mashuhuri kuliko wote wa delta ya Rusizi na fukwe za Kajaga: mamba aitwaye Gustave. Ina dakika 94, maiti wengi na heshima kidogo. Wahakiki waliikataa karibu kwa kauli moja, na watazamaji wakaisahau bila hata kuichukia vya kutosha. Fadhila zake hata hivyo ni nyingi, na nyingi kati ya hizo zimetokana na makosa.

Katleman alitokea kwenye televisheni. Alikwisha kuongoza vipindi vya China Beach, tamthilia ya wauguzi katika vita vya Vietnam, na vya Northern Exposure, inayomhusu daktari wa New York aliyejikuta Alaska. Mwongozaji wa televisheni hukabidhiwa wahusika wasio wake, huwashughulikia kwa siku chache, kisha huenda zake. Wiki hii kicheko, wiki ijayo maziko. Kazi za mtu wa namna hiyo haziwezi kulingana, na aliyezizoea hashangai akipewa mamba. Waandishi wa muswada, John Brancato na Michael Ferris, nao walikuwa na rekodi ya kupanda na kushuka: waliandika The Game ya 1997, iliyosifiwa, na walishiriki kuandika Catwoman ya 2004, iliyozomewa dunia nzima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katleman hakusifiwa, na hakuna ushahidi kwamba tembo lake liliwahi kuongezwa maji. Lilitoka mnazini likiwa hivyo.

Fadhila ya kwanza ni ya matangazo. Mabango na vionjo vya filamu vilimnadi muuaji wa mfululizo, aliyeua mamia ya watu na ambaye hajawahi kukamatwa. Kwamba muuaji huyo ana mkia halikuwa jambo ambalo studio ililiona la lazima kulitaja. Waliolipa kiingilio wakitarajia mtu mwenye kisu na matatizo ya utotoni walilalamika kwamba wamedanganywa. Malalamiko hayo hayana msingi. Mamba wa Nile huwinda kwa kuzama, akiacha macho na matundu ya pua tu juu ya maji, na kungoja mnyama anayekuja kunywa bila kushuku lolote. Kampuni iliyotangaza filamu ya mamba bila kumtaja mamba ilikuwa imemwelewa mnyama huyo kuliko wataalamu wengi. Mtazamaji alikuja kunywa.

Fadhila ya pili inahusu mahali. Hadithi inatokea Burundi, lakini filamu ilipigwa Afrika Kusini. Usia wa zamani unamwonya mtu asimtukane mamba kabla hajavuka mto. Watengenezaji wa Primeval waliutii kwa kutoufikia mto kabisa. Busara hiyo iliwanufaisha wote. Kajaga iko nje kidogo ya Bujumbura, kando ya barabara iendayo Gatumba na kuvuka mpaka hadi Uvira, karibu na delta ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kuna hoteli za ufukweni, wavuvi, na nyumba kubwa zinazozidi kuongezeka kadiri jiji linavyosogea upande huo. Kamera zingefika huko zingekuta familia zikila samaki aina ya mukeke wa kuchoma jioni, vijana wakicheza mpira mchangani, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Filamu ya kutisha ingeanguka siku ya kwanza. Kwa kukaa mbali, Katleman aliweza kuitengeneza Burundi ya nyika kavu na vichaka vya kutatanisha, nchi ambayo haina mtu wa kuitetea kwa kuwa haipo.

Hasara iliyopatikana ni moja tu, nayo inamhusu kiboko. Mgeni wa usiku anayejulikana zaidi Kajaga si mamba. Ni mnyama mwenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi, anayetoka Ziwa Tanganyika giza likiingia, hula nyasi zinazoweza kufika kilo 40 kwa usiku mmoja, na hukasirika sana akikuta mtu amesimama kati yake na maji. Ziwa lilipofurika mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia katika makazi ya ukanda huo na wanyama wakayafuata maji, kama ilivyo haki yao. Kiboko ana kila kitu ambacho filamu ya kutisha inahitaji: mwili, hasira, na tabia ya kutokea mlangoni bila hodi. Alinyimwa nafasi kwa sababu ana sura ya kuchekesha. Wenye nyumba za kupangisha wanapaswa kumshukuru Katleman kwa uamuzi huo.

Kuhusu mamba mwenyewe, filamu inastahili sifa za tabibu. Gustave wa kweli, kama alivyoelezwa na Mfaransa Patrice Faye, mtafiti wa wanyamapori aliyeishi Burundi kwa miaka mingi na aliyempa jina hilo katika miaka ya 1990, ana urefu unaokadiriwa kuzidi mita 6 na uzito unaokaribia tani moja. Mwilini ana makovu matatu ya risasi, na bega la kulia lina jeraha kubwa la zamani. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na miaka 100, mpaka ilipoonekana kwamba meno yake yote yapo. Umri ukashushwa hadi sitini na kitu. Maelezo yaliyotolewa kuhusu tabia yake ni ya huzuni: kwa ukubwa wake amekuwa mzito mno kukimbizana na samaki na swala, na kwa hiyo hulazimika kutafuta windo kubwa lisilo na haraka, kama ng'ombe, kiboko na binadamu.

Katleman alimponya. Gustave wa Primeval, aliyeumbwa kwa kompyuta, hana uzee wala bega bovu. Anatoka majini na kumfukuza mtu nchi kavu kwa kasi inayofanya mtu aonekane ndiye mwenye makovu ya risasi. Mamba halisi anaweza kukimbia, ila kwa hatua chache tu kabla ya kuchoka na kurudi. Huyu hachoki, na hufika kila muziki unapomwita. Mwisho wa filamu bado yu hai. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki sheria ni kwamba steringi hafi, na kwa kipimo hicho hakuna utata kuhusu nani alikuwa steringi. Dominic Purcell, aliyeigiza mwandishi wa habari aliyetumwa Burundi kama adhabu ya kurusha habari ya uongo, alikuwa msindikizaji.

Kwenye idadi ya waliouawa, sifa inabidi ipunguze sauti. Watu 300 ndiyo hesabu inayotajwa popote Gustave anapotajwa, na filamu ikaibeba kama ilivyo. Hakuna daftari la kuithibitisha. Kinachojulikana ni kwamba wavuvi na watu wanaooga au kuchota maji hushambuliwa kweli kwenye fukwe hizo, na kwamba vita vilivyoanza 1993 vilitupa maiti nyingi katika Rusizi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, jirani kabisa na Kajaga, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini mwao. Waliofanya hivyo walitembea kwa miguu miwili. Primeval ina mbabe wa vita anayeitwa Gustave Mdogo, na inadokeza kwamba mamba alizoea nyama ya binadamu kwa kulishwa na vita. Wazo hilo ni zuri kuliko filamu iliyolibeba. Lingepewa mwongozaji mwenye subira lingeweza kusimamisha kazi kubwa. Hapa linapita kati ya milipuko miwili na kuachwa.

Heshima nyingine iliyokosa watetezi ni ya mpiga picha Steven, aliyeigizwa na Orlando Jones. Yeye ndiye Mmarekani mweusi katika msafara wa mwandishi aliyeigizwa na Purcell na ndiye mtoa vichekesho wake, na kichekesho chake kimoja ni kuusifu utumwa kwa kuwa uliwaondoa babu zake Afrika. Filamu inaweka mzaha huo kwenye mwambao wa ziwa ambalo karne ya 19 lilikuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyopitia Ujiji, na ambako Rumaliza, mfanyabiashara mwenye makao hapo Ujiji, alijaribu zaidi ya mara moja kuiingia Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo asifanikiwe. Kuna uwezekano mdogo kwamba waandishi walijua hayo. Lakini si kila filamu inayoweza kukosea kwa usahihi wa kijiografia kiasi hicho, na mhusika aliyeusema mzaha huo analiwa kabla filamu haijaisha.

Thamani kamili ya Primeval huonekana inapowekwa karibu na ndugu yake mkubwa, filamu ya hali halisi Capturing the Killer Croc, iliyorushwa na televisheni ya PBS ya Marekani mwaka 2004. Hiyo ilipigwa mahali penyewe. Faye na wenzake walikuwa na miezi miwili tu kabla hali ya kisiasa haijawalazimu kuondoka. Walitengeneza kizimba cha chuma chenye urefu wa karibu mita 9 na uzito wa tani moja, wakakiweka majini, wakatia chambo na kuficha kamera inayoona gizani. Mamba hakuja. Walibadilisha chambo, hakuja. Mitego mingine waliyotega kandokando ilinasa mamba wengine, wadogo. Wiki ya mwisho walimfunga mbuzi hai ndani ya kizimba. Usiku mmoja dhoruba ikapiga, kamera ikazimika, na asubuhi kizimba kilikutwa kimezama nusu na mbuzi hayupo.

Mbuzi huyo ndiye kilele cha sanaa ya kutisha katika Ziwa Tanganyika. Hakuna picha, hakuna damu, hakuna muziki. Kuna kamba, maji ya matope, na Mfaransa mwenye mvi anayeangalia kizimba kitupu. Watengenezaji wa 2004 walilichukulia tukio hilo kuwa kushindwa, na ilibidi Hollywood itumie takriban dola milioni 30 ili iweze kuonekana kwamba lilikuwa ushindi. Primeval inacho kizimba hichohicho, na mamba anaonekana vizuri sana. Anaonekana mchana, kwa karibu, mdomo wazi, na kila anapoonekana hofu inapungua. Bila filamu hiyo ya pili nani angejua thamani ya kamera iliyozimika?

Faida nyingine huja filamu ikiingia kwenye vibanda vya video. Katika eneo lote hili, kuanzia Dar es Salaam na Kampala hadi Kigali na Bujumbura, filamu za nje husimuliwa na mtu anayezungumza juu ya sauti ya asili, akifafanua, akitania, na mara nyingi akibadilisha maana. Filamu nzuri humbana msimulizi huyo. Filamu yenye mazungumzo dhaifu, wahusika wasio na historia na nchi isiyofanana na nchi yoyote humwachia uwanja mzima, na Primeval ina uwanja mpana kuliko nyingi.

Kwa Warundi wenye kamera, fadhila ni kwamba mada imerudishwa karibu nzima. Sinema ya Burundi ina historia fupi: filamu ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka 1992, nayo inamhusu kijana aliyerudi kutoka Paris na shahada, majivuno na wapenzi wawili. Haina mamba. Katleman alipita, akachukua jina na meno, akaacha mto, ziwa, viboko, mafuriko, uvumi wa wavuvi, na Faye na kizimba chake. Mwongozaji mwenye kipaji angeweza kuyamaliza yote hayo kwa filamu moja, na hapo waliokuja nyuma wangebaki wakiiga.

Mapato hayakuzidi sana dola milioni 15 duniani kote, yaani nusu ya gharama, na sehemu ya pili haikutengenezwa. Gustave aliripotiwa kuonekana mwaka 2015 akimkokota nyati dume kwenye ukingo wa Rusizi. Mwaka 2019 jarida moja la safari liliandika kwamba ameuawa, bila kuonyesha picha, kama ambavyo yeye mwenyewe angependa. Katleman alirudi kwenye televisheni, na mwaka huohuo wa nyati akawa mmoja wa watayarishaji wakuu wa Zoo, tamthilia ya CBS ambamo wanyama wa aina zote, kuanzia simba hadi paka wa nyumbani, wanawageuka binadamu kwa pamoja. Ilidumu misimu mitatu. Ule wa kwanza ulipigwa New Orleans, mji wenye mamba wake wa kutosha.