Muuza Upepo wa Malaba

Miaka kumi na miwili nimeuza upepo hapa Malaba. Kompresa yangu iko kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda, na wateja hawajawahi kunikauka: trela likilala siku mbili juani, lazima gurudumu moja lilegee. Sasa niambieni kwa nini upepo wa kwenye simu, ambao hata vumbi hauinui, unaniaibisha kila siku mbele ya madereva.

Aliyeniingiza kwenye balaa hili ni mpwa wangu. Foleni ilikuwa imekwama, nami nimeketi juu ya tairi nikihesabu nzi, akaniwekea kwenye simu mchezo wa gofu wa kushindana na watu mtandaoni. "Mjomba, huu hautaki nguvu, unataka taimu." Unauvuta mpira nyuma kwa kidole, mshale unaanza kucheza kushoto na kulia kama waipa ya lori, nawe unaachilia ukifika katikati kabisa. Ukiachilia uko kushoto, mpira nao unakwenda kushoto. Ukizidisha nguvu, mshale unakimbia zaidi. Alisema hata mtoto wa gredi ya tatu anaweza. Ni kweli. Wa mama chapati alinishinda, tena huku anakula.

Nikasingizia mtandao. Ukiishi Malaba hiyo ni haki yako ya kuzaliwa, maana simu zetu hazijui ziko nchi gani: ukigeukia mto inashika mnara wa Uganda, ukirudi kwenye kompresa umerudi Kenya. Mpwa akatikisa kichwa. "Mjomba, mshale unatembea ndani ya simu. Mnara hata hauuoni. Mtandao ukikatika utapoteza zamu, lakini mpira umeupinda mwenyewe." Watoto wa siku hizi hawana adabu kabisa, wanakujibu kwa ukweli.

Basi nikasema ni kioo, kwa sababu kina ufa pale pale mshale unaposimama. Nikalipa nauli mpaka Busia kwa fundi wa simu. Akaipokea, akacheza mashimo mawili kuijaribu, akashinda yote mawili, akanirudishia simu na kunidai pesa ya kuikagua.

Kinachoniuma zaidi ni huko kupinda. Wanaoujua mchezo huupinda mpira kwa makusudi, ukauzunguka mti na kurudi kwenye majani mafupi kama ng'ombe anayejua zizi lake. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ukipinda kidogo kushoto wanauita droo, kidogo kulia ni fedi. Ukizidi kushoto ni huku, kulia ni slaisi, na hapo mnautafuta kichakani. Mimi ni mtu wa huku tu. Mpwa akanieleza kwamba uso wa fimbo ukitazama upande mmoja na fimbo yenyewe ikipita upande mwingine, mpira unazunguka umeinama, na hewa inausukuma pembeni. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Trela ambalo usukani wake umeelekezwa Tororo, lakini gurudumu la mbele kushoto lina upepo mdogo, litavuta kushoto hadi mtaroni. Somo hilo nimewapa madereva bila malipo miaka yote hii. Tofauti ni kwamba gurudumu nalipima kwa geji. Kidole nakipima na nini?

Wala siwezi kujitetea kwamba gofu si mchezo wa kwetu. Dismas Indiza, anayeicheza kwa malipo na ambaye Kenya Open anaijua vizuri, ametoka Mumias, huko kwenye miwa, si mbali na hapa. Na ukiifuata barabara hii hii ya malori mpaka Jinja, kuna uwanja uliojulikana kwa sheria moja ya ajabu: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Huo ndio ustaarabu. Kwenye simu yangu, ukitumbukia umetumbukia.

Jana jioni niliamua kutulia. Shimo la mwisho, niko sare na mtu wa bendera nisiyoijua. Upepo unatoka kulia, nikalenga kulia kidogo. Nikavuta, nikabana pumzi, hata kompresa nilikuwa nimeizima. Mshale ukaja, ukaja, ukafika katikati. Na hapo hapo, juu ya kioo, ukateremka ujumbe: Karibu Uganda.

Simu ikashtuka, ikaganda. Ilipozinduka, kidole kilikuwa kimeshainuka, mshale uko kulia kabisa, mpira uko majini. Mpwa hakuwepo kushuhudia, na nikimsimulia nitaonekana nimerudi kwenye yale yale ya mtandao.

Nilipoinua kichwa, dereva alikuwa amesimama mbele yangu. Lori lake linavuta kushoto, akasema, na kujaza upepo ni pesa ngapi?

"Leo umepanda," nikamwambia.