Tangi la Samaki Sebuleni: Tunahesabu Kutoka Saba Hadi Moja

Umeamua kufuga samaki wa mapambo? Hongera sana. Hawabweki, hawapandi kochi na hawamsumbui jirani. Masharti yao tu ndiyo yasiyoandikwa kwenye mfuko wa plastiki unaokabidhiwa dukani, kwa hiyo tuyahesabu hapa, dogo kwanza.

7. Meza
Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54; ongeza kioo na changarawe, umeshavuka kilo 60. Tafuta meza inayoweza kukaliwa na mjomba mnene bila kulia. Iwe mbali na jua la dirishani, maana jua hukaribisha mwani, na mwani ukishakaribishwa hauagi.

6. Hita
Dar, Tanga, Mombasa: okoa pesa yako. Nairobi, Arusha, Mbeya: nunua. Samaki wa maji ya joto hana sweta.

5. Chakula
Mpe kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Kinachobaki kinaoza chini. Watoto wapangiwe zamu; wakilisha wote kwa mapenzi, mapenzi hayo yatamaliza tangi zima. Hapa haba na haba haijazi kibaba, inachafua maji.

4. Gapi
Ni samaki mzuri sana wa kuanzia: mdogo, mgumu, mkia kama kanga mpya. Ila fahamu kwamba hatagi, anazaa, na huzaa karibu kila mwezi. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake anaweza kukuletea wajukuu bila kukuonyesha mkwe. Wakizidi, wagawie marafiki. Mtoni usiwamwage kamwe! Sangara alipopelekwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, na furu hao hawarudi.

3. Umeme
Ukikatika, filta inasimama na hewa majini inapungua. Pampu ndogo ya betri inasaidia. Huna? Chota maji kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu, rudia. Ni mazoezi mazuri ya mkono.

2. Samaki wa kwetu
Hapa naomba unisikilize kwa makini. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hulipa pesa nzuri kupata samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, sisi tunatamani wa Amazon! Yupo wa Tanganyika anayeitwa Neolamprologus multifasciatus, hafiki hata sentimita 5, anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono. Mwangalie akihamia: anajaza mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe limezama na mlango umebaki wazi. Hakuna fundi aliyeitwa, hakuna aliyedai malipo ya awali. Majike wa mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, nao hubeba mayai na watoto mdomoni kwa takriban wiki tatu. Mama gani huyo anayenyamaza wiki tatu kwa ajili ya wanawe? Wote hawa wanataka maji magumu yenye alkali, basi usiwachanganye na wa Amazon.

1. Maji kabla ya samaki
Tangi jipya linang'aa, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wa kundi la pili huigeuza kuwa nitrati, iliyo nafuu, unayoipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji ya filta. Washa filta, tia chembe za chakula zioze ziwalishe, subiri. Rafiki mwenye tangi lenye afya akikupa kipande cha sponji yake iliyotumika, kipokee kwa mikono miwili. Na usiioshe sponji kwa maji ya bomba: klorini inaweza kuwaua wafanyakazi wako. Ioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Kwa hiyo nunua tangi leo. Samaki, mwambie muuzaji utawafuata mwezi ujao.